Kidole Gumba cha Bwana Shee

Kisauni
Jumatatu, 12 Mei 2025

Kwa Bi Fatma Jafar, Timbwani

Shikamoo Bi Fatma,

Hunijui. Naitwa Kahaso Mwarandu, ni mwandishi wa hadithi, nakaa huku Kisauni. Barua hii nimempa binti yako Sumeya. Nilimkuta akigawa dawa kwenye dirisha la zahanati ya hapa kwetu, akaona kitabu nilichoshika mkononi, akaniambia bila hata kunitazama usoni, "Huyo ni babu yangu." Nusura niziache dawa zangu pale pale.

Nyumbani kwetu tulipokuwa wadogo kulikuwa na Biblia na vitabu viwili vya marehemu babako, Mzee Jafar Khamis. Mungu anisamehe, najua ni vipi nilivyovisoma zaidi. Karani mstaafu wa forodha anayekamata wezi kwa kukaa kitako na kuhesabu vidole! Hadi leo nikipotewa na ufunguo nakunja vidole kama Bwana Shee.

Sasa mchapishaji anatoa kitabu cha hadithi mpya za Bwana Shee. Tuko waandishi saba, kila mtu hadithi moja. Nami nimepewa zigo zito kuliko wenzangu: nakala ya lile daftari la mwisho la mzee, hadithi aliyoianza mwaka 1999 asiimalize. Nimeambiwa niimalize mimi. Mkataba unasema hakichapishwi kitu mpaka wewe mwenye haki usome na utie sahihi.

Naomba ruhusa yako kwanza. Pia naomba namba yako ya simu, ikiwa si utovu wa adabu.

Wako mtiifu,
Kahaso Mwarandu


Timbwani
Ijumaa, 16 Mei 2025

Mwanangu Kahaso,

Marahaba. Namba ya simu sikupi. Simu yangu ni ya salamu na tanzia. Kazi ya babangu ni maandishi, basi tuandikiane. Sumeya yuaja huko kila siku, atakuwa tarishi wetu. Umtumie sasa, maana baada ya tarehe ishirini mwezi wa sita hutampata. Yuaolewa! Amechumbiwa na Mahir, mtoto wa marehemu Mwanasiti, jirani yetu wa Bofu zamani zile. Walihamia Changamwe Mahir akiwa mdogo, mamake akafia huko, kijana kalelewa na shangazi zake. Kumbe Mungu alikuwa ametuwekea. Nyumba yangu sasa ni vitambaa na mafundi, sioni hata pa kuweka mguu.

Sasa tuzungumze. Wenzako wawili wameshaniletea hadithi zao. Mmoja kampa Bwana Shee simu ya kisasa, anampiga mwizi picha. Mwengine kamwoza mke! Lo! Nimezirudisha zote mbili na maneno yangu pembeni. Bwana Shee hana mke, hana simu, ana kahawa chungu na vidole vyake. Anaanza na kidole cha mwisho, dalili ya kwanza. Anakunja kimoja kimoja. Gumba likikunjwa, kesi imekwisha. Katika vitabu kumi na vinne hajaacha gumba limesimama hata siku moja. Wewe ukiniletea vidole vinne, mwanangu, sahihi yangu huioni. Nakwambia mapema tusije tukanuniana.

Daftari lenyewe sijalisoma. Lilikuwa chini ya mto wake miaka yote, na chini ya mto ndiko tulikolikuta alipofariki. Nililifunga kwenye kitambaa nikampa mchapishaji. Nikiuona ule mwandiko natokwa na machozi, basi nisome nini?

Na usiniandikie babangu kama mtu wa kutisha. Alikuwa kichekesho. Mwaka ule aliozaliwa Sumeya, mimi nikiwa nimelazwa, alirudi kutoka feri mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna, kopo la maziwa kwapani, anahema. Mamangu alicheka kwa kisa hicho mpaka akaingia kaburini. Yeye mwenyewe hakusema hata siku moja alikuwa akikimbizana na nini.

Nakuruhusu. Andika.

Fatma Jafar


Kisauni
Alhamisi, 29 Mei 2025

Shikamoo Bi Fatma,

Hadithi hii hapa, kurasa ishirini na mbili, Sumeya ameapa hataifungua njiani.

Nilihangaika nayo kweli. Mzee aliiachia njiani, Bwana Shee ameketi, ana dalili mkononi, basi, karatasi tupu. Lakini nilikusikia ukinigombeza kila nilipoinua kalamu, nikakaza. Kidole cha tano kimepatikana na gumba limekunjwa barabara. Nadhani utafurahi.

Sikuelezi zaidi nisije nikakuharibia. Pika kahawa chungu, ukae, usome.

Nasubiri sahihi, na pole kwa pilikapilika za harusi.

Kahaso


Timbwani
Jumapili, 1 Juni 2025

Kahaso,

Nani amekutuma?

Nakuuliza kwa Mungu wako, nani amekutuma kwenye nyumba yangu? Nimesoma kurasa zako nimesimama, nimekaa, nimesimama tena.

Umeandika mama aliyejifungua binti, uzazi ukamgeuka, akalazwa siku kumi na moja. Umeandika kwamba alipokuwa juu ya machela alimshika mamake akamwambia, mwanangu asinyonyeshwe na mtu, mpeni ya kopo. Hayo ni maneno yangu mimi! Niliyasema kwa mdomo huu, nikijua ninalolisema: mtoto akinyonya ziwa la mtu amekuwa mwanawe, na watoto wa mtu yule ni nduguze, hawaoani hadi kiyama. Nilichelea kumpa mwanangu ndugu ambao kesho tutawasahau.

Umeandika kwamba yule bibi hakutii. Mtoto alikuwa akilia, dukani Bofu kopo hakuna, akambeba kwa siri akampeleka kwa jirani muuza mahamri, mwenye kidole cha shahada kilichokatika, na mtoto mchanga wa kiume mgongoni.

Kahaso, Mwanasiti alikuwa akiuza mahamri. Kidole chake kilikatwa na mashine ya kusagia. Na mtoto aliyekuwa mgongoni kwake mwaka ule ni Mahir.

Halafu unamleta Bwana Shee kwenye harusi, watoto wale wawili wamekua, wanataka kuozwa, naye anakunja vidole mbele ya watu: kanyonya mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na gumba, mara ya tano. "Hawa ni ndugu," anasema, harusi inavunjika. Subhanallah! Zimebaki siku kumi na tisa mwanangu aolewe!

Mamangu aliniambia alimpa ya kopo siku zote kumi na moja. Aliniapia. Niambie umeyatoa wapi haya. Niambie ni uongo wako na nitakuombea dua mpaka nife.

Fatma


Kisauni
Jumanne, 3 Juni 2025

Bi Fatma,

Sijui nianze wapi. Nimesoma barua yako nikakaa chini sakafuni.

Hakuna aliyenituma. Naapa kwa Mungu sikujua hata kidogo kwamba ni mambo ya watu walio hai. Mama aliyelazwa, machela, maneno yake, bibi kumbeba mtoto kwa siri, muuza mahamri na kidole chake, vyote hivyo ni vya mzee, vimo daftarini kwa mwandiko wake. Nilidhani ni fundi tu wa kutunga, nikamwonea wivu.

Nilichotunga mimi ni harusi. Mzee hakuandika harusi. Nilitaka kuwe na jambo la kuzuiwa, nikamuuliza jirani yangu Mwislamu hapa, akaniambia walionyonya ziwa moja hawaoani. Nikaona, aa, hilo ndilo. Mengine ni mapambo madogo ya kumalizia tu. Kumbe nilikuwa naandika juu ya Sumeya, na Sumeya huyohuyo ndiye aliyebeba bahasha!

Nitaiondoa hadithi. Nitaichoma. Nimwambie nini nikimwona dirishani?

Nisamehe, mama.

Kahaso


Timbwani
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kahaso,

Usiichome, haina faida tena. Naituma barua hii kwa watu wa vifurushi pale feri kwa sababu Sumeya habebi tena barua zangu. Habebi chochote changu.

Nilimwambia Jumatano. Nilimweka chumbani katikati ya vitambaa vyake nikamsomea. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, una hakika?" Nikamwambia, huu ni ushahidi wa babu yako, mtu aliyekuwa haandiki neno bila kulipima.

Alhamisi tulikwenda kwa sheikh, mimi, Sumeya, Mahir na shangazi yake mmoja. Sheikh alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja tu: "Mara ngapi?" Nikamwambia mara tano, zimehesabiwa moja moja, zimeandikwa. Akafunga macho. Akasema, Bi Fatma, ingekuwa nne ningekwambia nenda kapike pilau. Kwa madhehebu yetu chini ya tano si kitu. Lakini tano ndiyo mpaka, na mkiufikia hakuna wa kuwarudisha. Aliuliza kama yuko hai anayejua zaidi. Hayuko. Mamangu kafa, Mwanasiti kafa, babangu kafa.

Pale pale Mahir aliinuka. Alikuwa na rangi ya majivu. Alimtazama Sumeya akamwambia, "Basi, dada." Neno lile, mwanangu, sitalisahau. Akatoka nje akakaa juu ya ngazi amejishika kichwa. Vitu vyao nimevirudisha Changamwe. Idi imepita nyumbani kwangu kama matanga. Sumeya amehamia kwa rafiki yake, simu nimeizima, maana kila mtu ataka kujua kulikoni.

Sikulaumu wewe. Babangu alijua, akalala juu ya jambo hili miaka yote, ametuwekea moto chini ya mto. Wallahi siwezi hata kumsomea Fatiha bila hasira kunipanda.

Fatma


Timbwani, barazani kwako
Jumatano, 11 Juni 2025

Bi Fatma,

Nimebisha hodi mpaka mkono umeniuma. Simu ya Sumeya haishikwi. Jirani anasema umekwenda Bofu kwenye kaburi la mzee. Naandika hapa kwenye baraza yako, nitaisukuma chini ya mlango. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Mara ya tano ni yangu mimi.

Haimo daftarini. Mzee aliandika mara nne. Nne, Bi Fatma! Barua yako imenifikia saa mbili zilizopita, na nilipofika pale sheikh anaposema "ingekuwa nne" nilipiga ukelele, mwenye nyumba akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Mimi sikujua kwamba idadi ina maana! Sisi hatuna sheria hiyo. Jirani yangu aliniambia walionyonya pamoja, hakuniambia kuna kuhesabu, nami sikuuliza. Nilidhani moja ni sawa na mia.

Wewe ulisema nikileta vidole vinne sahihi siioni. Nami nilikuwa na vinne. Nikaona mzee alichoka au aliugua, nikamkunjia gumba lake mimi, kwa kalamu yangu, kwa sababu Bwana Shee hajaacha gumba limesimama. Nilikuandikia "mapambo madogo". Ndilo pambo lenyewe! Mungu wangu, nimevunja nyumba ya watu kwa pambo.

Nimekuwekea nakala ya ukurasa wenyewe wa mwisho. Tazama mwenyewe: cha mwisho, Jumatatu alasiri, cha pete, Jumatatu magharibi, cha kati, Jumanne adhuhuri, cha shahada, Jumatano alfajiri. Halafu anaandika, "Bwana Shee akalitazama gumba lake, akaliacha lisimame." Baada ya hapo karatasi ni nyeupe. Pembeni kuna mikwaruzo ya penseli ambayo sikuweza kuisoma, nilidhani alikuwa akijaribu kalamu.

Nenda kwa sheikh leo. Nakupigia magoti.

Kahaso


Kisauni
Alhamisi, 12 Juni 2025

Dada Kahaso,

Ni mimi, Sumeya. Barua yako ya jana sikumpa mama. Nilikwenda nyumbani kuchukua nguo zangu za kazi, nikaikuta chini ya mlango, nikaifungua ingawa si yangu. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kubeba tu.

Nilisoma mara tatu nimesimama hapo hapo mlangoni. Mwanzo nilikuchukia. Halafu nikamchukia mama, aliyenipeleka kwa sheikh bila kuomba kuliona daftari lenyewe, kwa kuwa aliogopa kulia. Wiki nzima, dada Kahaso! Nimekaa wiki nzima nikijilazimisha kumwona Mahir kama kaka. Nimefuta picha zetu. Nimeomba Mungu anisamehe kwa barua alizoniandikia. Unajua ni kitu gani, mtu kuona haya kwa kupenda alichoruhusiwa kukipenda?

Sasa sikiliza. Ile mikwaruzo ya pembeni si kujaribu kalamu. Kazi yangu ni kusoma mwandiko wa madaktari kutwa nzima, mwandiko wa babu haunishindi. Nimeipeleka dirishani penye mwanga, nikaisoma neno kwa neno. Nakunukulia:

"Mara nne, nimemuuliza mke wangu na Mwanasiti, kila mmoja peke yake, wamekubaliana. Ya tano nimeizuia mlangoni mwenyewe, nikakimbilia feri kutafuta kopo. Haikufika tano, alhamdulillahi. Fatma asiambiwe, ameumwa vya kutosha."

Nililia hapo. Kabla ya hapo sikuwa nimelia.

Naenda kwa sheikh na karatasi hii mkononi, peke yangu. Kisha nitakwenda Changamwe. Mama atasikia baada ya Mahir, na mwambie nimesema hivyo kusudi.

Sumeya


Timbwani
Jumapili, 22 Juni 2025

Mwanangu Kahaso,

Najua umekuwa ukingoja. Ningekuandikia mapema, ila nilikuwa na aibu, na mimi aibu sijaizoea.

Wameoana. Ijumaa ileile ya tarehe ishirini, baada ya sala, hapa sebuleni kwangu, watu kumi na wawili. Hakuna ngoma, hakuna pilau la mtaa, vitambaa vingine bado viko Changamwe kwenye magunia. Sheikh aliisoma ile karatasi mwenyewe, akamtaka mchapishaji alete daftari lenyewe, likaletwa, akalilinganisha. Alicheka, halafu akajifuta macho kwa kilemba. Akaniambia, babako alikuwa fakihi, mjuzi wa sheria, kuliko sisi, ila alikuwa na kiatu kimoja.

Nikaanguka kwa kicheko, wallahi. Kisha nikalia mpaka shangazi za Mahir wakanishika. Miaka ishirini na sita tumemcheka mzee wa watu kwa kiatu kile, na mamangu aliyejua siri akicheka nasi! Alikuwa akimkimbilia Sumeya. Alikuwa akiikimbiza ile ya tano isifike. Nami nilikwenda kaburini kwake kumgombeza. Siku ileile uliyonikosa barazani nilikuwa nimesimama juu yake nikimwambia maneno ambayo mtu hamwambii babake.

Mahir alipoingia kumpa bi harusi mkono, alisimama kwanza. Kila mtu alikuwa amekumbuka lile neno "dada". Sumeya ndiye aliyeinua mkono wake. Aliuinua vidole vinne vimekunjwa, gumba limesimama. Mahir akalishika.

Sumeya huongea nami. Huniamkia, huniuliza nimekula. Lakini haniiti mama kwa ile sauti yake, na ni haki yake. Niliamini hadithi kuliko nilivyomwamini yeye, akiniuliza kama nina hakika. Nitangoja.

Nawe usijichome roho. Kosa tumeligawana: mimi niliyekulazimisha vidole vitano, wewe uliyenitii. Daftari liko kwangu sasa. Nimelisoma lote, na nimelia, na sikufa.

Hadithi nataka ichapishwe. Toa harusi, toa majina ya watu, toa mtaa na kidole cha Mwanasiti, Mungu amrehemu, na ukomee pale alipokomea babangu. Sahihi yangu iko chini. Wenzako wale sita wataleta kelele, mchapishaji naye atakwambia wasomaji watahisi wamepunjwa, Bwana Shee hamalizi kesi kwa vidole vinne. Wakikuuliza cha tano kiko wapi, waambie kilizuiwa mlangoni Bofu, na aliyekizuia alivuka feri na kiatu kimoja.

Mamako,
Fatma binti Jafar